Tarumbeta, Sataranji na Sikio la Kulia

Siku mliyoniaga kwenye ukumbi wa bendi mliniomba niseme neno. Nikasimama, nikamshukuru Mungu, nikawashukuru wapishi, nikakaa. Nimesikia kwamba mmoja wenu alisema huko nje, "Afande Zubeda haogopi kitu, hata kuaga kwake ni kama kupiga chafya." Jamani. Nilikaa upesi kwa sababu magoti yalikuwa yanagongana chini ya sketi.

Basi nimeamua kuyaandika yale niliyoshindwa kuyasema. Nawaandikia ninyi wa bendi, na ninyi wa klabu yetu ya sataranji kule Kyambogo, kwa kuwa miaka yangu nimeigawa kati yenu, na kila upande umekuwa ukiamini kwamba upande wa pili unanipotezea muda. Vyeo vya kazini na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye mafaili, na hata huko havisomeki. Nitaandika juu ya woga, kwa sababu ndicho kitu ninachokijua kuliko tarumbeta na kuliko sataranji.

Kiswahili changu nilizaliwa nacho kambini. Baba alikuwa askari Mwacholi, mtu wa kanisani. Mama alikuwa Mnubi wa Kibuli, mtu wa msikitini. Kiswahili kiliwaunganisha kabla hawajapata la kubishania. Baadaye wachezaji wa sataranji wa Tanga na Mombasa walinicheka mpaka nikakinyoosha. Nisomeni bila kunisahihisha.

Niliingia bendi ya polisi nikiwa kuruta mwembamba ambaye hajawahi kushika chombo isipokuwa sufuria. Walipouliza ni nani anaweza kushika sauti ya wimbo, niliinua mkono ili nisikimbie mbio za asubuhi. Aliyenipokea alikuwa Afande Odoch, mkuu wa wapiga tarumbeta, mtu mrefu wa Kitgum mwenye alama ya duara katikati ya midomo, kama aliyepigwa muhuri. Alinitazama, akanipa kipande kidogo cha shaba, kile cha kuwekea mdomo, ambacho sisi tunakiita kikombe.

"Na tarumbeta yenyewe, afande?" nikauliza.

"Iko stoo. Inangoja wewe upate mudomo."

Kwa majuma mengi nilivuma kwenye kikombe kile kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Wake wa askari waliokuwa wakianika nguo nyuma ya ukumbi walinifunga jina la Nzi. Mdomo ulivimba, ukapasuka, ukapona, ukawa mgumu. Siku niliyopewa tarumbeta nzima nilitoa sauti moja tu, ndefu, na Afande Odoch akafumba macho. "Sasa umezaliwa," akasema. "Kesho utaanza kujifunza."

Kazi ya bendi, kama mnavyojua, ni kungoja. Unavaa, unang'arisha shaba, unapanda basi, unafika uwanjani asubuhi, na mgeni rasmi anafika jua likiwa kichwani. Odoch hakupenda kungoja bure. Alikuwa na kifuniko cha sanduku la ngoma alichokichora miraba kwa chokaa na rangi ya viatu, na juu yake tulicheza sataranji. Kete zilizopotea alizibadilisha kwa vizibo vya soda. Zile ndogo za mbele tuliziita makuruta, kwa sababu ndizo hutangulia na ndizo hufa kwanza. Basi likianza kurukaruka barabarani kete zilianguka zote, kwa hiyo tukaendelea bila ubao: yeye anataja mraba, nami nataja wangu, kila mmoja akiwa ameishika vita nzima kichwani. Wenzetu walidhani tunabishana juu ya namba za nyumba.

Sikujua kwamba najifunza kazi ya pili. Nilidhani najifunza kunyamazisha tumbo lenye njaa.

Woga wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa maziko. Askari mmoja alikuwa amefariki, na familia yake, huko njia ya Luweero, ikaomba mlio wa tarumbeta wa kumuaga. Odoch alikuwa na homa, na mwingine aliyeweza alikuwa mbali, kwa hiyo nikasimamishwa mimi, peke yangu, kando ya migomba, nikingoja jeneza lishuke. Mdomo ulikauka ghafla kama karatasi. Mpiga tarumbeta asiye na mate ni sawa na dereva asiye na usukani. Mjane alikuwa amenikazia macho. Vali, vile vitufe vya kubonyeza, zikawa zinagonga zenyewe chini ya vidole.

Nikauma ukingo wa ulimi, taratibu, pembeni, mate yakaja. Hilo ninyi wapya lishikeni. Nikapiga. Noti ya juu kabisa ilitoka nyembamba, ikatetemeka, nikajua imevunjika. Lakini mjane akalia wakati ule ule, na watu wakadhani nimekusudia.

Niliporudi nikamweleza Odoch kwamba sifai, kwamba niliogopa karibu nianguke.

"Hata mimi naogopa," akasema, amejifunika blanketi. "Kila siku."

"Hata sasa, afande?"

"Hata sasa. Wewe nafikiri woga itatoka? Haitoki. Pea yeye kazi. Sema, wewe woga, angalia vali. Wewe woga, angalia mate. Woga haina kazi, inakula mutu."

Nimetumia ushauri ule maisha yangu yote. Wakati mwingine umesaidia.

Kyambogo nilifika kwa sababu ya Odoch vilevile. Alisikia kwamba wanafunzi wa chuo wanacheza sataranji kila Jumamosi, akanituma niende "kuangalia kama iko maana". Nilikwenda na sare ya kazi, na walinzi getini wakadhani nimekuja kumkamata mtu. Wanafunzi walikuwa na vitabu, saa za mchezo, na majina marefu kwa kila hatua niliyokuwa naijua bila jina. Walinifunga vizuri siku ile, wakanipa soda, wakaniazima vitabu. Nilivisoma ndani ya basi la bendi. Mwaka uliofuata tuligawana ushindi, na mwaka wa tatu walinipeleka nje ya nchi kuwakilisha taifa, nikiwa na koti la kuazima.

Woga wa sataranji si kama wa tarumbeta. Ukikosea noti, upepo unaichukua. Ukikosea kwenye ubao, kosa linakaa pale mezani linakutazama, na mpinzani naye anakutazama, na saa inaendelea kula dakika zako. Nilicheza na watu walioanza mchezo huu kabla hawajaota meno ya pili. Nilijifunza kukalia mkono wangu wa kulia ili usikimbilie kete. Msinicheke, mabingwa wengi wanakalia mikono.

Cheo cha grandmasta, kilicho cha juu kabisa katika sataranji, hakipatikani kwa mtihani mmoja. Pamoja na pointi, unatakiwa ufanye vizuri sana katika mashindano makubwa matatu, mbele ya watu walio na cheo hicho tayari. La kwanza nilifaulu Nairobi. La pili Cairo, miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshazeeka kidogo kwa mchezo huu. Kila nilipoomba ruhusa ofisini niliulizwa kama sataranji ni ile ya vizibo. Nilijibu ndiyo, maana kwangu ilikuwa hivyo kweli. Afande Odoch alikuwa amestaafu, amerudi Kitgum kulima ufuta, lakini alinipigia simu baada ya Cairo. "Bado moja," akasema, kisha akaniuliza bei ya mbolea Kampala.

Kabla ya hilo moja, sikio likaanza.

Lilianza kama birika linalochemka chumba cha pili. Niliinuka mara mbili tatu kwenda kuzima jiko ambalo halikuwashwa. Kisha siku moja mazoezini Wasswa, aliyepiga tarumbeta kiti cha karibu yangu kwa miaka, aliniinamia.

"Afande, samahani. Leo uko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya sisi wote. Kidogo tu. Sikia."

Nikasikiliza, na nikagundua kwamba sikumsikia vizuri hata yeye. Alikuwa amekaa kulia kwangu.

Nilijiambia ni nta, nikatia mafuta ya uvuguvugu. Juma moja baadaye nilikuwa nateremka kutoka nyumbani kwa mama, Kibuli, msikiti ukiwa nyuma yangu na watu wa sala ya Ijumaa wakitawanyika, na mlima ukainama. Nasema kweli: barabara iliinuka upande mmoja kama sahani. Nikamshika bega kijana wa boda aliyekuwa ameegesha, akashtuka, kisha akanikalisha kwenye pikipiki yake.

"Mama, ulikula?" akaniuliza.

"Nilikula."

"Basi ni presha."

Haikuwa presha. Walinipima masikio, wakanipeleka kwenye mashine ile ya kupiga picha ya kichwa, ambamo unalala kama mkate ndani ya tanuri na unagongewa nyundo pande zote. Kisha nikaketi mbele ya Daktari Namatovu, mpasuaji wa masikio na kichwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake alikipata kwa kutibu wanajeshi, na alikitumia kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akiniita nnyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

"Nnyabo, kuna uvimbe. Hapa." Akaniwekea kidole kwenye picha, doa jeupe lenye umbo la tone. "Uko kwenye mshipa wa kusikia. Si saratani. Hausambai. Lakini hapo ulipo hakuna nafasi ya kukua, na unakua. Unasukuma shina la ubongo."

"Nikiuacha?"

"Hatutauacha."

Nikamwomba aniambie yote. Akaniambia. Angepitia nyuma ya sikio. Kusikia kwa upande ule kungeondoka, hilo halikuwa na mjadala. Lakini mshipa wa uso unapita kwenye tundu lile lile, umebanana na uvimbe, umetandazwa juu yake kama nailoni. Akiuharibu, uso wangu wa kulia ungelala. Jicho lisingefumba, mdomo usingeshika.

"Mimi napiga tarumbeta," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Najua. Nimesoma kwenye faili. Niliposoma nilitamani iwe ngoma."

"Na akili? Mimi pia nacheza sataranji, daktari. Nacheza sana."

"Akili iko mbali kidogo na mahali nitakapofanya kazi." Akanitazama usoni. "Lakini ni kichwa, nnyabo. Siwezi kukuapia."

Nilitoka nikiwa nimeshika bahasha ya picha kama mtu aliyebeba bomu. Niliogopa kukohoa.

Mume wangu, Twaha, ninyi mnamjua: Mnubi wa Bombo, muuza vipuri vya malori, mtu asiyeweza kukaa kimya. Aliniita Mama Sauda tangu binti yetu azaliwe, nami nikamwita Baba Sauda. Nilipomaliza kumweleza alizima redio.

"Sasa utakaa nyumbani mpaka siku ya operesheni," akasema.

"Kuna mashindano kabla ya hapo. Hapa hapa mjini. Wanakuja watu wenye cheo. Nimemuuliza daktari, chumba cha upasuaji hakitakuwa wazi mpaka baada ya mashindano. Amesema nicheze, ila nisiwe peke yangu."

"Mama Sauda, kichwa ndicho kinaumwa, na wewe unataka kwenda kukitumia?"

"Nikikaa nyumbani nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Nitasikiliza sikio, Baba Sauda. Kutwa nzima nitasikiliza sikio."

Alizunguka chumba. Akapanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa. "Basi nitakupeleka na nitakurudisha," akasema mwisho. "Na nitakaa humo ndani."

"Hujui sataranji."

"Na wewe hujui gia boksi, na lori langu unapanda."

Akakaa kweli. Kila raundi, safu ya mbele ya watazamaji, na mfuko wa plastiki wenye ndimu, taulo na chupa ya maji, akiwatazama wapinzani wangu kwa jicho la kuuza vipuri. Sikumwambia mtu mwingine. Nilicheza vizuri kwa namna ya ajabu. Nilikuwa naogopa kitu kikubwa kuliko wao, kwa hiyo wao walikuwa wadogo. Mpaka raundi ya mwisho. Hapo nikawa nahitaji ushindi, sare haikutosha, na mpinzani alikuwa bwana mmoja wa Ulaya mashariki, grandmasta wa miaka mingi, mtaratibu, anayekunja mikono ya shati kama fundi bomba.

Tulicheza asubuhi yote. Nilipata kuruta mmoja zaidi, na kila mmoja wetu alibakiwa na ngome na mfalme. Hali kama hiyo ni kazi ya subira: unasogeza kidogo, unasubiri, unasogeza. Nikanyoosha mkono kushika ngome, na ubao ukainama.

Miraba iliteleza kwenda kulia, ikarudi, ikateleza tena. Nilishika ukingo wa meza. Nilimwashiria mwamuzi, nikasimama, na Twaha akafika kabla sijaanguka. Chooni nilitapika, saa yangu ikiwa inakwenda ukumbini, na kwenye kioo jicho langu lilikuwa linacheza lenyewe, likiruka pembeni na kurudi. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilidhani uvimbe umepasuka. Nilidhani nitafia pale kwenye vigae, nikiwa na kuruta mmoja zaidi.

"Twende hospitali," Twaha akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Nimebakiza dakika."

"Acha dakika!"

"Baba Sauda, nikiondoka sasa sijui kama nitarudi nikiwa na akili ya kumaliza hili. Hujamsikia daktari? Hakuapa."

Alininawisha uso kwa taulo, akanipa ndimu niinuse, akanirudisha akiwa amenishika kiuno mbele ya watu wote, jambo ambalo Mnubi wa umri wake halifanyi.

Mpinzani wangu alikuwa ameinuka, amesimama kando ya kiti. Aliponiona akasema kwa upole kwamba tukubaliane sare. Haikuwa hila. Alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilikuwa nzito kuliko shambulio lolote. Nilitamani kuikubali. Mwili wote ulisema kubali, nenda ukalale.

Nikafumba macho. Kichwa kilizunguka bado, kiti kilizunguka, lakini nilipouita ubao uje kwenye giza lile ulikuja, na ulikuwa umetulia. Mfalme wangu alikuwa pale pale nilipomwacha. Ngome yake ilikuwa mbali kidogo, imechelewa. Nilihesabu nikiwa nimefumba, nikafumbua kiasi cha kuona kete moja tu, nikaisogeza, nikaandika kwa mwandiko uliopanda mlima. Hivyo ndivyo nilivyocheza mpaka mwisho: kufumba, kufumbua, kusogeza, jasho likinitiririka mgongoni, nikingoja wakati wowote ubao wa ndani nao uanze kuinama. Haukuinama. Kuruta wangu akafika upande wa pili, akawa malkia, na bwana yule akasimamisha saa kukubali kushindwa, akanipa mkono kwa mikono yote miwili.

Watu walipiga makofi. Niliyasikia upande mmoja tu. Nimeulizwa mara nyingi nilijisikiaje kupata cheo cha grandmasta. Nilijisikia kutaka kulala chini. Furaha ilikuja baadaye sana, na ilikuja kidogo kidogo, kama maji ya bomba letu.

Sitawaelezea upasuaji kwa sababu sikuwepo. Naweza kueleza asubuhi yake. Walinisukuma kwenye kitanda chenye magurudumu, nikazitazama taa za dari zikipita, na nikajikuta nasaga midomo yangu, wa juu kwa wa chini, nikiiaga endapo itakuwa lazima. Daktari Namatovu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mkavu. Nilishukuru kwamba hautetemeki.

Nilipozinduka niliulizwa jina. "Zuveda," nikasema. Nikajaribu tena. "Zuveda." Herufi ya kukutanisha midomo ilikataa. Upande wa kulia wa uso ulikuwa nyama ya mtu mwingine. Lakini hilo nililitarajia. Lililonitia hofu ni kwamba nilijaribu kuukumbuka mchezo wangu wa mwisho na haukuja. Hatua za mwanzo zilikuja, kisha ukungu. Nikaanza upya, ukungu. Nililala pale na bandeji kubwa kama kilemba, nikihesabu miraba, nikipotea, jicho moja likilia na lingine likiwa kavu, na sikumwambia nesi kwa sababu nilihisi nikitamka litakuwa kweli.

Iliendelea hivyo kesho yake na siku iliyofuata. Kisha Twaha akaja na ubao mdogo wa safari wenye kete za sumaku, ameununua mjini. Akaupanga juu ya tumbo langu. Aliweka mfalme mahali pa malkia na malkia mahali pa mfalme. Akajikohoza kama mtaalamu, akachukua farasi, akamsogeza moja kwa moja mbele, kama basi.

Nilivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili nikashindwa.

"Farasi haendi hivyo," nikasema.

"Anaendaje?"

Nikamwonyesha. Kidole kilikwenda chenyewe: mbili mbele, moja kando. Nikawabadilishia mahali mfalme na malkia. Nikaangalia ubao wote ukiwa sawa, na kutoka nyuma ya ukungu ngome yangu ya siku ile ikajitokeza, halafu yule kuruta, halafu yote. Nililia mpaka nesi akaja kunikaripia kwa ajili ya nyuzi. Twaha alidhani amenikosea kwa kumwendesha farasi vibaya, akaomba radhi kwa farasi.

Uso ulirudi nusu, kwa miezi mingi ya dawa ya jicho na mazoezi mbele ya kioo. Sasa naweza kutamka jina langu. Mdomo haukurudi kiasi cha kushika hewa. Nilijaribu siku moja stoo, mlango ukiwa umefungwa, Wasswa akiwa ndani nami. Nikaweka tarumbeta mdomoni, nikavuta pumzi, nikapiga. Hewa ilitokea pembeni kwa sauti ambayo watoto hukatazwa kuitoa mezani. Wasswa alikaza uso asicheke. Nikacheka mimi kwanza. Kisha nikamwomba anipishe, nikakaa juu ya sanduku la ngoma, na hapo sikucheka.

Tangu hapo nilifanya kazi ya kuwafundisha ninyi. Wengi wenu hamjawahi kunisikia nikipiga, mmenisikia tu nikisema "juu kidogo" na "umekausha mate". Nilikuwa naogopa siku mtakayouliza kwa nini mnamfuata mwalimu ambaye hawezi. Hamkuuliza. Sijui kama ilikuwa adabu au mlikuwa mnaniogopa. Yote mawili yalinifaa.

Jambo moja hamlijui. Daktari Namatovu, ili auokoe mshipa wa uso, aliacha utando mwembamba wa uvimbe juu yake. Aliniambia wazi. Utando ule unaweza kulala milele au unaweza kuamka, kwa hiyo kila mwaka narudi kwenye ile tanuri, halafu nangoja picha isomwe. Siku zile za kungoja sili. Mliziona, mkadhani nimefunga.

Mwaka huu kipimo kiliangukia baada tu ya kustaafu. Siku ya majibu tulikwenda kwa miguu kutoka tuliposhukia, mimi na Twaha. Siku zote kwenye safari hii yeye hutembea kulia kwangu, upande usiosikia. Niliona ni ustaarabu, ananikinga na boda ambazo sizisikii zikija. Tukawa tunapita mbele ya duka la simu lenye vioo virefu, nikajiona humo, mwanamke mwenye uso uliopinda kidogo na mkoba mkubwa, na nikamwona yeye kando yangu. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Haikuacha. Alikuwa anaongea, amekaza macho barabarani, na machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

Nikageuza kichwa ghafla ili sikio la kushoto limpate.

"...mimi sijui hata chumvi inakaa wapi, ya Rabi, usinifanyie hivyo, nitabaki na nani mimi..."

Akaniona. Akafuta uso kwa kofia.

"Unasema na nani, Baba Sauda?"

"Na hawa wa boda. Wanaendesha vibaya."

Miaka yote ile. Nilidhani woga ni wangu peke yangu na yeye amebeba ndimu tu. Nilitaka kusema kitu, lakini tulikuwa tumefika mlangoni kwa daktari.

Daktari Namatovu sasa ana mvi. Aliweka picha ya mwaka jana na ya mwaka huu kando kwa kando, akasogea, akavua miwani, akavaa. Nilikalia mkono wangu wa kulia.

"Utando umelala," akasema. "Bado umelala. Tuonane mwakani."

Nje jua lilikuwa kali. Twaha akasema, kwa kuwa ninaweza kula sasa, twende soko la Kalerwe tukanunue samaki na nyanya, tupike sawasawa. Akaanza kuzunguka ili akae upande wangu wa kulia kama kawaida. Nikamshika mkono.

"Pita huku."

"Kwa nini?"

"Nataka kusikia."

Akanitazama, akapita kushoto. Nikamtegea sikio njia nzima, na yule mwanamume asiyeweza kukaa kimya hakusema neno hata moja mpaka tukafika sokoni.